Sauti ya Bibi Klara kwenye gemu la kamari

Jua la Julai limeshatoka, lakini upepo wa Singida haujalegea. Eliana Kitundu amejifunga khanga mbili, moja kichwani na nyingine puani. Amesimama chini ya mdomo wa mashine ya kukamua alizeti, pembezoni mwa kata ya Mwankoko, ameshika kiroba kwa mikono miwili. Mashudu yanamwagika yakiwa bado ya moto. Kiroba kikijaa anakisukuma pembeni kwa goti, kisha anachukua kingine.

Hapa watu huongea kwa ishara. Mashine inanguruma kiasi kwamba anayetaka maji huonyesha koo, na anayetaka kupumzika huonyesha mgongo. Inapozimwa ili watu wanywe chai ndipo Eliana anakaa juu ya magunia, anafungua khanga ya puani na kumenya kiazi kitamu kilichopoa.

"Watu wakisikia kwamba niliwahi kuandika gemu, wananiuliza kama lilikuwa la mpira," anasema. "Nawaambia hapana. Lilikuwa la mtoto aliyetumwa kwa jirani kuomba moto."

Ana miaka thelathini na mmoja. Kibarua hiki kinampa shilingi elfu saba kwa siku, kwa siku ambazo alizeti ipo. Msimu ukiisha mashine hufungwa, naye hurudi kwenye kufua nguo za watu mjini.

Kwa miaka miwili alikuwa na kazi nyingine ambayo haikumlipa chochote, na ambayo anasema ndiyo pekee aliyowahi kuipenda.

Eliana alizaliwa Kinampanda, wilayani Iramba. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza shule, akalelewa na mama mzaa mama yake, Bibi Klara. Ni kwa bibi huyo alikoisikia habari ya mtoto aliyetumwa kuomba moto, siku ambayo mvua ilikuwa imeingia jikoni na kuzima moto wa mafiga.

Katika hadithi hiyo, mtoto anapita nyumba kwa nyumba akiwa na kigae mkononi. Kila mlango una mzee wake, na kila mzee ana la kumuuliza kabla hajampa kaa la moto. Akijibu kwa pupa anarudishwa. Akisema uongo, kaa linafifia njiani. Bibi Klara aliisimulia kwa Kinyiramba, na hakuwahi kuimaliza namna moja mara mbili.

Mwaka 2021 Eliana alikuwa akifanya kazi ya kuchapa barua na kutoa nakala katika duka la vifaa vya ofisi mjini Singida. Mlango wa pili alikuwepo Benjamin Msengi, fundi wa kompyuta aliyejifundisha mwenyewe kutengeneza magemu madogo ya simu. Ng'ambo ya barabara alikuwepo Damari Njiku, mchoraji wa mabango ya saluni na bucha.

Walianza kwa maongezi ya mchana, dukani kukiwa hakuna wateja. Benjamin alilalamika kwamba magemu yote aliyoyajua yalikuwa ya kupiga risasi au ya kukimbiza magari. Eliana akamsimulia ya moto. Damari, aliyekuwa akisikiliza huku akichanganya rangi, akachukua kipande cha boksi na kumchora mtoto mwenye kigae. Benjamin alikitazama kile kipande kwa muda mrefu, kisha akaomba aondoke nacho.

Kuanzia hapo walikutana kila Jumamosi na Jumapili mchana katika chumba cha Damari, Mwankoko. Eliana aliandika maneno ya wazee wa kila mlango. Damari alichora mlango na mzee. Benjamin aliviunganisha vikaanza kutembea. Walibishana sana, na Eliana anapoyasimulia mabishano hayo ndipo uso wake unapobadilika kwa mara ya kwanza.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa salamu. Benjamin alitaka mchezaji afike mlangoni na apewe swali papo hapo, kwa sababu mtu mwenye simu hana subira, atalifunga gemu na kwenda kwingine. Eliana alitaka mtoto asimame na amsikilize mzee. Damari alikuwa katikati, akimuunga mkono yeyote aliyeongea mwisho.

Krismasi ilipofika walikwenda wote watatu Kinampanda wakampelekea Bibi Klara kesi yao. Mzee yule hakuwa amewahi kucheza gemu. Alipoelezwa, aliuliza swali moja tu: huyo mtoto anasalimia?

Benjamin akajibu kwamba bado hawajaweka salamu. Bibi akashangaa. Akasema mtoto asiyesalimia hapewi hata maji, sembuse moto.

"Hapo ndipo gemu lilipopatikana," anasema Eliana. "Benjamin aliandika kwenye kompyuta kwamba ukiruka shikamoo, mzee hafungui mlango. Ukiiharakisha, anakucheka na kukurudisha. Ilibidi usimame, usalimie, usubiri marahaba, uulizwe habari za nyumbani, ndipo uombe. Na ilinoga. Tuliwapa vijana wa pale jirani wajaribu, walikuwa wanagombania simu."

Bibi ndiye pia aliyemaliza suala la jina. Walikuwa wameandika majina mengi na hawakukubaliana hata moja. Yeye akawaambia kwamba mtoto anayetumwa hana jina, huitwa "wewe". Ikawa hivyo. Ndani ya gemu wazee wote walimwita mtoto Wewe, na mchezaji alijiona anaitwa yeye.

Siku ya pili Damari alitoa simu arekodi sauti. Alikuwa ameifunika kwa soksi ili upepo usiingie. Bibi alipoona anaongea na soksi, alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akajifuta macho, na kwa ajili ya wageni akasema kwa Kiswahili: "Rudi mlangoni mwanangu, anza upya."

Alikuwa akimwambia Damari, kwa sababu soksi ilikuwa imedondoka pale mlangoni. Lakini simu ilikuwa inarekodi, na wote watatu walipoisikiliza walikubaliana bila ubishi kwamba hicho ndicho kicheko cha kuwekwa pale mchezaji anapokosea. Kilikuwa kicheko cha mtu anayekupenda.

Mwaka uliofuata walirudi tena wakarekodi hadithi nyingine na maneno ya milango yote saba. Sauti zote zilihamishiwa kwenye laptopu ya Benjamin. Simu za mabinti hawa zilikuwa za kumbukumbu ndogo, zikijaa kila wiki, kwa hiyo walifuta huko wakijua kwamba kwa Benjamin zipo.

Bibi Klara alifariki Februari 2023. Gemu lilikuwa limebakiza milango miwili.

Miezi michache baada ya mazishi, Benjamin alipata kazi katika kampuni moja ya Dar es Salaam iliyojitangaza kuwa inatengeneza michezo ya simu. Aliwaonyesha gemu la moto, wakalipenda. Alipiga simu Singida akiwa na furaha, akawaeleza wenzake kwamba kampuni ina wachoraji, ina watu wa sauti, na itawaita wote wawili ili wamalizie pamoja.

Eliana alisubiri kuitwa. Mwenye duka alipomtaka achague kati ya kazi yake na safari asiyoijua tarehe, aliacha kazi ili amalizie milango iliyobaki. Nafasi yake ilichukuliwa wiki hiyo hiyo.

Hakuitwa. Benjamin alianza kujibu kwa ufupi, kisha akawa hajibu. Baadaye ilijulikana kwamba katika mkataba wake wa ajira kulikuwa na kipengele kinachosema kazi zote anazokuja nazo ni mali ya mwajiri. Alisaini siku ya kwanza, akiwa amesimama.

Mwandishi wa makala haya alimpata Benjamin kwa simu. Siku hizi anafundisha kompyuta katika chuo kidogo mkoa wa jirani. Alisita, akaomba apigiwe tena, na alipopigiwa aliongea taratibu kama mtu aliyekwisha kujiandaa.

"Nilidhani nalipeleka mahali litakapokamilishwa," alisema. "Wao walichukua mtoto, moto na kicheko. Hadithi waliitupa. Kwenye kikao walisema hadithi inamchelewesha mteja."

Alipinga, anasema, lakini si kwa nguvu. Alikuwa na kodi ya nyumba na hakuwa na mtu Dar es Salaam. Siku gemu lilipotoka hakuweza kuwapigia wenzake kuwaambia, akaomba Mungu lisifike Singida.

Lilifika haraka.

Aliyelisikia kwanza katika ukoo ni Ezekieli, mtoto wa kiume wa Bibi Klara na mjomba wa Eliana. Ni mzee wa kanisa, mkulima wa vitunguu, mtu mkimya. Siku hiyo mwaka jana alikuwa Misigiri, kando ya barabara kuu, akisubiri gari la kwenda Kiomboi. Nyuma yake vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa kwenye benchi wakiinamia simu moja.

Akamsikia mama yake anacheka.

Anasema aligeuka kabla hajafikiri. Alikuwa amemzika mwenyewe, zaidi ya mwaka ulikuwa umepita, lakini aligeuka akimtafuta kwa macho kati ya wale vijana. Kisha kicheko kikaja tena, na baada yake ile sauti: Rudi mlangoni mwanangu, anza upya.

Vijana wakamwamkia, shikamoo baba. Akaitikia. Akawauliza huyo anayecheka ni nani. Mmoja wao, kwa adabu kabisa, akamwonyesha. Kwenye kioo kulikuwa na msichana mkubwa, nguo imeishia mapajani, ameshika kaa la moto. Juu yake pameandikwa Malkia wa Moto. Unaweka pesa, unachagua mlango, unabonyeza. Mlango ukiwa na moto, unashinda. Ukiwa na majivu, pesa imeondoka, bibi anakucheka na kukuambia uanze upya.

"Yule kijana alibonyeza ili nione," anasema Mzee Ezekieli. "Akaliwa. Mama akamcheka."

Hakupanda gari. Alirudi Kinampanda kwa miguu.

Jioni alimpigia Eliana. Hakufoka, na Eliana anasema laiti angefoka. Alimuuliza tu kama ni kweli yeye na wenzake ndio waliomrekodi mama. Akajibu ni kweli. Akamuuliza kama alijua mama amewekwa kwenye kamari. Akajibu hakujua. Mjomba akamwambia asije kwenye ibada ya kumbukumbu ya bibi mpaka atakapoitwa. Kijijini watu walikuwa wameanza kuuliza ukoo ulilipwa nini.

Eliana hakuwa amelisikia bado. Alilisikia kesho yake, mahali alipokuwa akifua, kwenye simu ya mtoto wa mwenye nyumba. Anasema alikaa chini, mikono ikiwa na povu. Baada ya hapo alilisikia kila mahali: kwa kinyozi, stendi, kwenye foleni ya zahanati. Watu walianza kulisema kwa utani. Mtu akijikwaa barabarani, mwenzake anamwambia, rudi mlangoni mwanangu.

Kwa Damari lilifika kwa namna nyingine. Mwenye kibanda kimoja cha kubeti mjini alimwita amchoree ukutani Malkia wa Moto, akampa simu aige. Damari aliitazama picha, akaona mikono na kigae alivyovichora yeye kwenye kipande cha boksi. Alikubali kazi ile.

"Nilimchora mimi kwanza," anasema Damari, mwanamke mrefu mwenye rangi kavu kwenye kucha. "Kama ni lazima akae ukutani, nikasema basi akae na sura yake."

Akamchora mtoto wa miaka tisa, amejitanda shuka la bibi, macho yamejaa woga wa mlango wa kwanza. Mwenye kibanda alipokuja jioni akamwambia huyo si Malkia. Siku iliyofuata ukuta ulipakwa rangi upya na mchoraji mwingine akaitwa.

Eliana aliposikia kwamba Damari alikubali kuchora pale, hawakuongea kwa miezi kadhaa. Siku hizi wanasalimiana. Chumba walichofanyia kazi kimepangishwa kwa fundi cherehani.

Mzee Ezekieli ndiye aliyefuatilia. Alikwenda na Eliana kwa mtoa msaada wa kisheria mjini, binti mmoja anayeitwa Happiness, aliyewasikiliza na kuwaandikia barua ya kupeleka kwa kampuni. Hawakudai fidia. Waliomba mambo mawili: sauti iondolewe, na rekodi za marehemu zirudishwe kwa ukoo. Safari nzima ya kwenda na kurudi, mjomba na mpwa walikaa viti vilivyo mbali.

Jibu lilikuja Machi mwaka huu, kwa ujumbe mfupi. Sauti itaondolewa katika toleo jipya. Kuhusu rekodi hawakusema kitu.

Sauti iliondolewa kweli. Anayeliwa leo anachekwa na mwanamume mwenye sauti nzito. Kinampanda walishukuru, na kanisani maombi maalumu yalifanyika. Mjomba alimtaka Eliana aahidi kwamba hatamweka tena bibi ndani ya simu ya mtu yeyote, hata ya kwake. Akaahidi.

Kuhusu rekodi, Benjamin alimuuliza mtu aliyemjua kule kazini. Aliambiwa kwamba kisichotumika hakihifadhiwi. Laptopu aliyokuwa nayo Singida aliikabidhi siku alipopewa ya kampuni, nayo ilifutwa ikapewa mtu mwingine. Hadithi, milango saba, maneno yote ya Kinyiramba, hayapo.

"Nilipigania atoke," anasema Eliana. "Alipotoka, ndipo nikajua kwamba ndani ya ile kamari ndipo mahali pekee alipokuwa amebaki."

Anayoyasimulia baada ya hapo anayasema akitazama pembeni, na aliyekaa naye juu ya magunia, kibarua mwenzake Miraji, anainuka kwenda kunawa ili asimsikilize.

Miraji ana simu ya zamani, na hakuwahi kuwa na bando la kutosha kupakua toleo jipya. Mei, siku moja wakati wa chai, Eliana alikisikia kicheko. Alidhani anaota. Alimwendea Miraji akamwomba asibadilishe kitu kwenye simu ile, na akamweleza ni nani anayecheka. Miraji, ambaye kwa miezi alikuwa akimtukana yule bibi kila akiliwa, alishindwa kumwangalia usoni.

Tangu siku hiyo Eliana akawa anaazima simu ile wakati wa chai, anaweka pesa kidogo kutoka kwenye ujira wake, anabonyeza. Hakuwa akitafuta ushindi. Alitaka aliwe, kwa sababu anayeshinda hupigiwa kengele tu.

"Siku moja nikashinda," anasema. "Nikashinda tena. Kengele, kengele. Miraji akafurahi, mimi nikalia. Nilimwachia zile pesa."

Anaulizwa kwa nini hakuirekodi sauti ile kwenye simu yake. Anajibu kwamba alikuwa ameahidi.

Mwanzoni mwa Juni gemu liligoma kufunguka kwenye simu ya Miraji. Lilitaka toleo jipya, na halikutoa njia nyingine. Miraji alimletea simu, akamwonyesha, akaiweka mfukoni. Wakarudi kazini.

Damari amewahi kumfuata akimtaka waanze gemu jingine, wao wawili, na wamtafute mtu mwingine wa kompyuta. Eliana alimwambia hana hadithi. Zile alizonazo hajui zipi ni za bibi na zipi alizitunga yeye ili zitoshe kwenye kioo cha simu. Akijaribu kuikumbuka ya moto, anasema, anaona milango aliyoichora Damari, na maneno ya wazee anayasikia kwa sauti ya mashine ya alizeti.

Mpango alionao ni mmoja, na hauhusu gemu. Kinampanda yupo mdogo wake Bibi Klara, Bibi Eliza, aliyekua na hadithi zilezile kwenye jiko lilelile. Macho yamepungua na siku nyingine hamtambui mtu, lakini asubuhi huongea vizuri. Msimu wa alizeti ukiisha Eliana anataka kwenda kukaa naye, ampikie, amsikilize. Alimtuma Miraji, aliyekuwa na safari ya Kiomboi, apitie kwa mjomba na kumwombea ruhusa. Jibu lilirudi baada ya wiki mbili: anaweza kuja, lakini asije na simu, wala daftari.

Mashine inawashwa. Watu wanainuka, wanafunga khanga puani. Eliana anasema kwa haraka, kabla ngurumo haijamzidi, kwamba amekubali masharti yote mawili. Anaulizwa itakuwaje akizisahau.

"Nitasahau baadhi," anasema. "Hata bibi alisahau baadhi, aliniambia mwenyewe. Lakini hizo nitakazozisahau, hakuna atakayeziwekea pesa."

Anaokota kiroba, anakikung'uta, anakwenda kusimama chini ya mdomo wa mashine.